Kikombe cha Chai Kabla ya Upasuaji

Kila asubuhi mwanafunzi wa udaktari alipiga pasi koti lake jeupe, kisha akaingia wodini kwa madaha kana kwamba hospitali nzima ilikuwa ikimsubiri yeye. Kazi yake ilikuwa kupima joto na presha za wagonjwa. Kuamua lolote hakuruhusiwa, na hilo lilimkera.

Asubuhi hiyo aliitwa na bibi mmoja aliyelazwa kwa maumivu ya tumbo.

"Daktari, mjukuu wangu, koo limenikauka. Jana walinikataza kula. Sasa chai nayo ni chakula?"

Kuitwa daktari kulimvimbisha kichwa. Muuguzi alikuwa palepale karibu, lakini mwanafunzi aliona haya kumuuliza jambo dogo namna ile.

"Chai ni maji tu, bibi. Kunywa," alijibu, akammiminia mwenyewe kikombe kizima cha chai ya maziwa.

Haukupita muda mrefu, wauguzi wakaja kumchukua bibi kwenda chumba cha upasuaji.

Sasa ndipo mwanafunzi alipokumbuka alichofundishwa darasani: mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa tumbo likiwa tupu, la sivyo anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni, akafa. Akisema, huenda akafukuzwa chuo. Akinyamaza, je? Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshakata kona alipotimua mbio kukifuata.

"Daktari," alimwambia mpasuaji mlangoni, "bibi amekunywa chai ya maziwa. Mimi ndiye niliyempa."

Mpasuaji alivua glavu zake polepole. "Basi tutampasua kesho. Umefanya vyema kusema. Lakini bibi wa watu ataumwa siku nzima kwa sababu yako. Nenda ukamweleze mwenyewe."

Alimweleza bila kuficha kitu, akaomba radhi. Bibi alishika tumbo, akageukia ukutani. Siku nzima mwanafunzi alimsikia akiugulia maumivu.

Kesho yake bibi alipasuliwa salama. Alipopata nguvu ya kuzungumza, alimwita kitandani.

"Mjukuu wangu, juzi tulikuwa wawili tusiojua. Mimi sikuona aibu kuuliza. Wewe uliona aibu gani?"

Mwanafunzi aliinamisha kichwa.

"Siku nyingine usipojua, uliza," bibi alisema. "Sisi wagonjwa tunakunywa chochote mnachotupa."