Ufunguo wa Mumbua

Siku ya soko pale Emali mbuzi ana haki ya njia zaidi kuliko mwenye mbuzi. Watu husukumana, lori hurudi nyuma bila kuuliza, na vumbi huingia hata mahali palipofungwa. Githaiga, fundi wa simu na kompyuta, alikuwa na kibanda hatua chache kutoka uwanja wa mifugo. Alikuwa akipuliza vumbi hilo kwenye simu ya mteja wakati kivuli kilipomwangukia mezani.

Alikuwa msichana mwenye sketi ya jinzi na blauzi ya kitenge cha manjano, raba zake nyeupe zimekuwa nyekundu kwa udongo. Kifuani alikumbatia kompyuta iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Kwani inataka kutoroka?" Githaiga aliuliza.

"Bawaba imevunjika. Tengeneza kwanza, stori baadaye. Kuna wazee kumi na nne wananingoja hapo kwa mbuzi."

Aliitengeneza bila kumwangalia usoni, maana skrubu za bawaba ni ndogo mno, na alijua akimwangalia angezipoteza. Alipomaliza akamrudishia, akasema kama mtu anayedai haki yake, "Na sasa stori?"

Stori ilikuwa hii. Jina lake Mumbua, kwao Tulia, upande wa Kitui, ila alikuwa amepanga chumba mjini Wote na kuishi kwa kuandika programu. Alikuwa ametengeneza app ya wafugaji, akaiita Mbui, jina la mbuzi kwa Kikamba. Mfugaji aliandika humo kila mbuzi wake: amezaliwa lini, baba yake dume gani, amechanjwa nini. Pasipo mtandao simu iliyatunza maandishi hayo, na ikipata mtandao iliyapeleka kwenye wingu, au cloud, yaani ghala la mbali ambalo Mumbua aliweza kulifungua popote alipo. Githaiga alisikiliza habari za chanjo za mbuzi kwa nusu saa nzima huku akitabasamu. Ukiona hivyo, jua mtu amekwisha.

Basi wakapendana. Githaiga alikuwa Mkikuyu ambaye babu yake alihamia Emali zamani, na Kikamba alikizungumza tangu utotoni. Alimwita Mumbua "mwendwa", yaani mpendwa, neno ambalo Mkamba na Mkikuyu hawahitaji mkalimani kulielewa. Kila jioni simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nakula sauti yako," Githaiga angejibu.

"Basi utalala njaa, niko na kazi."

Jambo moja tu liliwakaa kooni, nalo ni Tulia. Ukambani mwanamume hajaoa mpaka watu wake wapeleke mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kwanza wa mahari, nyumbani kwa msichana. Mnaweza kufunga harusi kanisani na kuzaa watoto watano, wazee bado watasema binti ni wao. Githaiga alilijua hilo vizuri. Lakini mama yake Mumbua, Kavindu, alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, na Githaiga alimwogopa kabla hata hajamwona. Mara mbili alipanga safari ya kwenda kujulishwa tu, mara mbili akapata kazi ya ghafla. Mumbua akaacha kuuliza. Mwanamke akiacha kuuliza, mwanamume mwenye akili huanza kuwa na wasiwasi, lakini Githaiga aliona amepumzika.

Mwaka ulipopita, kioo cha ile kompyuta ya Mumbua kikaanza kuzimika chenyewe. Githaiga akaamua kumpa zawadi. Evanson, muuzaji wa kompyuta zilizotumika hapo mjini, alikuwa na moja nzuri, na alikubali kuichukua ile mbovu kama sehemu ya bei. Wiki hiyo Mumbua alikuwa Kitui akifundisha wafugaji na kompyuta ilikuwa kibandani. Kwa simu alisema, "Code yote iko kwa cloud, usiwe na presha. Copy tu folder ya Mbui na picha zangu."

Githaiga alinakili folda, akanakili picha. Kisha, kabla ya kumpelekea Evanson, akafanya afanyavyo fundi mwaminifu: aliifuta diski ya zamani. Aliifuta mara tatu, kwa sababu picha za Mumbua zilikuwa humo na macho ya Evanson hakuyaamini.

Mumbua aliporudi alifurahi mpaka akamkumbatia mbele ya wateja. Akaketi, akaiwasha, akauteremsha mradi wake kutoka kwenye wingu, akajaribu kuingia kwenye Mbui. Ikakataa. Githaiga aliinamia kioo, lakini Mumbua alicheka.

"Cloud haijui hii machine. Kila kompyuta iko na alama yake, kama ya kidole. Lazima niitambulishe."

Akaitambulisha, na Mbui ikafunguka. Githaiga akashusha pumzi. Ndipo Mumbua akauliza huku akiendelea kubonyeza, "Na ile file ya ufunguo? Niliificha nje ya folder. Hiyo haiendangi kwa cloud, mtu akiipata anaweza kutengeneza Mbui feki. Uliicopy, ama?"

Faili hiyo ndogo ilikuwa muhuri wa Mumbua. Kila toleo la app alilitia muhuri huo, na simu za wafugaji, ambao walitumiwa app kwa WhatsApp, zilikubali toleo jipya kwa kuutambua. Na toleo jipya lilihitajika haraka, kwa kuwa wenye wingu walikuwa wametangaza kwamba mlango wa zamani ungefungwa tarehe thelathini. Simu ambayo isingekuwa na toleo jipya siku hiyo ingebaki nje, pamoja na mbuzi wote walioandikwa humo. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja.

"Ndio," Githaiga alisema. "Iko kwa flash, kwa nyumba. Nitakuletea."

Mdomo ulikuwa umetangulia, na moyo haukuwa na ujasiri wa kuurudisha.

Siku hiyo hiyo alikimbia kwa Evanson akaichukua tena ile kompyuta, ikiwa bado haijauzwa. Akaifungua tumbo, akaitoa diski, akaijaribu kwa kila programu ya kufufua vilivyofutwa aliyowahi kuisikia. Hakupata kitu. Alikuwa ameifuta vizuri mno. Fundi ameshindwa na kazi ya mikono yake mwenyewe. Hamu ya chakula ilimwisha. Simu ya jioni, ile aliyokuwa akiingojea kama mtoto anayengoja mgeni mwenye mkate, sasa ilimtia jasho.

"Flash?"

"Kesho, mwendwa."

"Jana pia ilikuwa kesho."

Mara nyingine aliiacha ilie mpaka ikome. Siku ya saba Mumbua alimuuliza taratibu kama kuna mtu mwingine. Githaiga aliapa hakuna. "Basi kuna nini?" Mumbua aliuliza, naye akajibu kwamba mtandao unasumbua, akakata.

Siku ya tisa Mumbua alitokea kibandani bila kupiga. Hakuwa na blauzi ya manjano siku hiyo. Alisimama akaitazama kompyuta yake ya zamani, imelala mezani, tumbo wazi, nyaya zimetoka nje.

"Uliifuta," alisema.

"Mumbua..."

"Sema tu. Uliifuta?"

"Niliifuta. Sikujua. Nimejaribu kila kitu."

Githaiga alitarajia kupigiwa kelele. Mumbua alivuta kiti, akakaa, akatazama mikono yake.

"Kufuta ni bahati mbaya, Githaiga, ningelia nimalize. Lakini umenizungusha siku tisa. Hizo siku tisa ningekuwa nimefika kwa simu za watu nusu. Ukiogopa unakuwanga hivyo. Ata Tulia ni hivyo hivyo."

Akaondoka. Githaiga alibaki akiwa amesimama, na mteja akamuuliza mara mbili bei ya chaja kabla hajasikia.

Sasa haya ndiyo yaliyohitajika kufanywa, na hayakuwa na njia ya mkato. Mumbua angetengeneza muhuri mpya, lakini simu yenye Mbui ya zamani ingeukataa. Ilibidi kila mfugaji aondoe ya zamani ndipo aweke mpya. Na akiiondoa kabla maandishi yake hayajapanda kwenye wingu, yanapotea: miaka ya mbuzi, chanjo, uzao, vyote. Ujumbe wa WhatsApp usingetosha, kwa kuwa mzee akiambiwa futa, hufuta hapo hapo. Simu zilikuwa mia mbili na sita, na siku kumi na mbili.

Jioni ile Githaiga alimwandikia: "Nipe orodha ya Makueni yote, upande wetu huu. Nitaenda mtu kwa mtu." Hakuomba msamaha, kwa sababu aliona hana haki ya kuomba vitu viwili. Saa nzima ilipita. Orodha ikaja, majina mia moja na ishirini, bila salamu. Mumbua mwenyewe alibaki na upande wa Kitui.

Alifunga kibanda, akapanda pikipiki yake. Alikwenda Kiboko, akaenda Wote, akapanda vilima vya Kilungu kwa njia za miguu ambako pikipiki ilimshinda akaisukuma. Kila mahali kazi ilikuwa ile ile, na kila mahali aliogopa upya. Unatafuta mtandao, unangoja maandishi yapande, unahakikisha, unahakikisha tena, ndipo unafuta. Kidole chake kilikuwa kimeanza kuchukia neno hilo. Kule Kilungu mzee Nzioka alipanda naye kati ya miparachichi hadi juu kabisa kutafuta mtandao, na Githaiga aliposita kubonyeza, mzee alimuuliza kwa Kikamba kama ni mgonjwa.

"Si mgonjwa, mzee. Naogopa kupoteza mbuzi zako."

"Ukiogopa hivyo hutapoteza," mzee Nzioka alisema, akakaa juu ya jiwe kumngoja.

Kila simu iliyokubali, Githaiga alimtumia Mumbua jina tu. Nzioka. Kasiva. Mbuvi. Na Mumbua, ambaye kwenye kompyuta mpya aliziona simu zikigeuka kutoka alama nyekundu kuwa kijani, alijibu kwa neno moja: "Nimeona." Kwa siku tano hilo ndilo lililokuwa penzi lao lote. Siku ya sita alijibu, "Nimeona. Umekula?" Githaiga alilisoma neno hilo akiwa amesimama katikati ya barabara mpaka boda boda ikampigia honi.

Tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi, akiwa amemaliza orodha yake, simu yake ilitetemeka.

"Nyekundu imebaki moja. Ni ya mama. Mimi siwezi kwenda, ataniuliza habari yako na sina jibu. Na ile ufunguo, mimi pia sikuweka copy. Hiyo makosa ni yangu."

Githaiga aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Kisha akaijaza tangi pikipiki, akavuka Mto Athi, na saa nane alikuwa Tulia, vumbi mpaka kwenye nyusi, mikono mitupu. Njia nzima alijiambia anaenda kutengeneza simu.

Kavindu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alimtazama kijana kutoka viatu hadi nywele, akamkaribisha chai kabla ya kuuliza chochote, na Githaiga akainywa ya moto ikamchoma ulimi.

"Wewe ndiye Githaiga," alisema.

"Ni mimi, Mama."

"Nilidhani wewe ni hadithi."

Githaiga aliweka kikombe chini. Aliomba simu. Mtandao ulipatikana kando ya zizi tu, kwa hiyo wakasimama hapo, mbuzi wakimtafuna ncha ya shati. Maandishi yalipanda. Alihakikisha mara nne. Akafuta, akaweka mpya, akaingia. Kile kiduara cha kungoja kilizunguka, kikazunguka. Halafu mbuzi wakaanza kurudi kwenye kioo, mmoja mmoja, mpaka kumi na saba.

"Tujaribu kuandika mbuzi mpya, Mama, tujue kama inafika kwa Mumbua."

"Andika watatu."

Githaiga akatazama zizini. "Hao watatu wako wapi?"

"Wewe ndiye utaniambia wako wapi." Kavindu aliushika mwimo wa zizi. "Hapo kuna pahali pa kuandika wametoka wapi. Najua, mimi huandika. Na pahali pa siku ya kuingia bomani. Andika, kijana, chai imeisha."

Upepo ulipita. Githaiga alihisi ile hofu yake ya zamani ikirudi kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba anaweza kuandika huku akiogopa. Mbuzi watatu, aliandika. Wanatoka: Emali. Siku ya kuingia: akafikiria siku ambayo wajomba zake wangepata nafasi na mama yake asingekuwa na shughuli za kanisa, akaandika Jumamosi ya tatu ya mwezi unaokuja. Akabonyeza kuhifadhi.

Simu yake mwenyewe iliita kabla hajarudisha ya Kavindu.

"Githaiga." Sauti ya Mumbua ilikuwa ndogo. "Ya mama imekuwa kijani."

"Imekuwa."

"Na naona mbuzi tatu za Emali. Hizo ni za kutest?"

"Si za kutest, mwendwa. Ni za ntheo. Kama utazikubali."

Kavindu alijifanya anamfukuza kuku ambaye hakuwepo.

"Nilikuwa naogopa," Githaiga aliongeza. "Bado naogopa. Lakini nimekuambia leo, si siku ya tisa."

Alimsikia akivuta kamasi, kisha akicheka kwa kitambo kidogo, kicheko kile cha siku ya kompyuta mpya.

"Sawa," Mumbua alisema. "Basi hizo usifute."