Simu Kutoka Ng'ambo

Mikono ya Seremala iliganda hewani.

Nesi akaisogeza simu karibu na dirisha, akaitikisa, akaipuliza kama mtu anayepuliza uji wa moto. Wapi. Kwenye kioo mpenzi wake alibaki na kiganja kimoja juu, vidole vya mkono wa pili vimegeuka ukungu. Kisha kioo chote kikawa cheusi, na simu haikuwaka tena.

Kwa wapenzi wengine hilo lingekuwa jambo dogo. Picha ikikata, mnaendelea kwa sauti. Lakini Seremala alikuwa kiziwi tangu utotoni, homa kali ilimchukulia masikio akiwa hajaanza shule. Yeye alizungumza kwa mikono, na maneno ya mikono yasipoonekana hayajasemwa.

Walikutana siku aliyokuja hospitali na mkono uliochanwa na msumeno. Mkono wa kiziwi ukifungwa bendeji ni sawa na mdomo kushonwa. Nesi alimwonea huruma, akawa anamkawiza kidogo kila alipokuja kusafishwa kidonda, na Seremala kwa vidole vilivyobaki wazi akamfundisha neno moja, kesho jingine. Kidonda kilipopona, Nesi alikuwa anajua kusema kwa mikono kwamba amempenda, na alilisema yeye kwanza.

Kisha ukaja uhamisho. Nesi akapelekwa kituo cha afya cha mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Tangu hapo penzi lao likawa linaishi ndani ya simu. Kuandikiana walikuwa wanaandikiana, lakini kwa maandishi Seremala alikuwa mtu wa maneno matatu. Kwa mikono alikuwa mtu mwingine kabisa, mcheshi wa kukuvunja mbavu, mwenye kuiga mwendo wa kila mteja aliyeingia karakana yake. Huyo ndiye Nesi aliyekuwa anamkosa.

Asubuhi aliipeleka simu kwenye duka lililo jirani na kituo. Mwenye duka aliitwa Chaji, kwa sababu ukimwuliza habari anakujibu kwamba ana chaji kamili. Alikuwa mtoto wa shoga wa Mama yake Nesi, na tangu Nesi ahamie pale haikupita siku bila kumletea soda kazini. Aliifungua simu, akaichungulia, akaifunga.

"Hii imeshaaga dunia," alisema. "Usiisumbue."

Akatoa nyingine mpya, yenye kamera ya maana, akaiweka kwenye kaunta.

"Chukua."

"Bei yake?"

"Nimekutajia bei? Chukua. Jibu langu utanipa taratibu."

"Jibu la swali gani?"

Chaji akatabasamu. "Kwani Mama yako hajakwambia?"

Mama hakukawia kumwambia. Nesi aliazima simu ndogo ya tochi kwa Dada Mkuu, mkunga aliyekuwa msimamizi wake, akaweka laini yake, na simu ya kwanza kuingia ikawa ya Mama. Alisema kwamba Chaji ameleta maneno nyumbani kwa heshima zote, kwamba ni kijana anayejiweza, na kwamba wazazi wanafahamiana.

"Mimi sina ugomvi na yule fundi wako," Mama alisema. "Mikono yake ni dhahabu, kabati langu ni shahidi. Lakini nyumba ni mazungumzo, mwanangu. Utaishi vipi na mtu usiyeweza kumwita akiwa chumba cha pili?"

"Mama, Baba alikuwa na masikio mawili mazima. Ulipomwita alikuwa anakuja?"

Mama alicheka bila kupenda. Halafu akakumbuka kwamba amekasirika, akakata simu.

Jioni hiyo hiyo ukaingia ujumbe wa Seremala.

"Nimeona simu. Iko ng'ambo. Kamera nzuri. Haijafungwa. Tununue?"

Hilo neno la kufungwa ndilo lililomkosesha Nesi usingizi. Simu nyingi za ng'ambo huuzwa na makampuni ya laini ya huko huko, nayo huzifunga zisikubali laini ya mwingine. Isiyofungwa inapokea laini yoyote duniani. Lakini utajuaje, ilhali simu iko upande wa pili wa bahari na wewe unaona picha tu? Jamaa wa maabara pale kituoni aliwahi kuagiza ya kwake. Ilifika inang'aa, ikakataa kila laini, mpaka leo kazi yake ni kumwamsha asubuhi.

Chaji aliposikia habari hizo aliongeza ya kwake, na Nesi alikiri moyoni kwamba si yote yalikuwa ya wivu. Alimwuliza kama mitambo ya huku itasikilizana na simu ya kule. Alimwuliza ikiharibika atamrudishia nani.

"Rahisi ghali, dada yangu," alimaliza. "Na hii hapa ya bure unaiacha."

Nesi alifikiri siku kadhaa, akichoma sindano huku akili iko ng'ambo. Mwishowe aliazima simu kubwa ya Dada Mkuu akamwandikia muuzaji mwenyewe, akamwuliza yote aliyotishiwa nayo. Jibu likaja. Simu haikufungwa. Inakubali mitandao ya huku, na muuzaji akaitaja mmoja mmoja. Kuhusu kuharibika, alisema wazi kwamba dhamana ipo, ila gharama ya kuirudisha ni juu ya mnunuzi, na safari ni ndefu.

"Hilo la mwisho ndilo limenifanya nimwamini," Nesi alimwambia Dada Mkuu. "Tapeli angeniahidi mbingu."

Seremala alikuwa amepata kazi kubwa ya madawati ya shule, akataka alipe yeye. Nesi akamwandikia kwamba atalipa mwenyewe, kwa akiba yake.

"Kwa nini? Mimi mwanaume wako."

"Ndiyo maana. Chaji ananipa simu yenye swali ndani. Sitaki simu ya mtu. Nakutaka wewe, na simu iwe yangu."

Seremala hakujibu mpaka mchana wa siku ya pili. Nesi alidhani amemuumiza, na kweli alikuwa ameumia kidogo. Kisha simu ya tochi ikatetemeka mfukoni mwa sare yake.

"Sawa. Chukua ya bluu."

Ikafika. Ya bluu, nyepesi, imefungwa kwa uangalifu kama yai. Kwa intaneti ya bure ya ofisi ya kupokelea vifurushi Nesi aliweka laini yake, laini ikashika, akasajili namba yake ya kupigia kwa picha, akamwandikia Seremala neno moja, "Imefika," akakimbilia zamu. Lakini alipofika chumbani kwake jioni, mahali pasipo na intaneti ya bure, simu ikagoma. Laini ilisoma, ila intaneti haikuingia. Aliizima akaiwasha mara nyingi mpaka kidole kikauma.

Hakuwa na fundi mwingine karibu. Alimeza aibu yake, akaipeleka kwa Chaji. Chaji aliigeuza geuza, akasema amwachie na laini humo humo, ajaribu.

Kesho yake alipopita kuifuata, Chaji alimpokea na uso wa msibani.

"Imefungwa. Wamekuuzia mbuzi kwenye gunia. Nilipojaribu kuifungua ikazima moja kwa moja, na laini yako imeungulia ndani. Nimempelekea fundi wangu wa mjini, lakini usiweke matumaini."

Na ile mpya akaisogeza tena kwenye kaunta, polepole.

Nesi alisema atafikiria. Hata kituoni hajafika, Mama alikuwa ameshapiga kwa Dada Mkuu. Chaji alikuwa amemtangulia.

"Mungu ameshasema, mwanangu," Mama alisema.

"Mungu naye anauza simu siku hizi, Mama?"

Lakini alipokata aliingia stoo ya dawa, akajifungia, akalia. Akiba yake imekwenda na maji. Sauti ya Chaji ya rahisi ghali ilikuwa inamzunguka kichwani. Na kilichomtia hofu zaidi ni kwamba alianza kuona kuchukua ile simu ya kaunta si jambo baya sana. Angejibu swali lake baadaye. Watu wangapi wameolewa hivyo hivyo, kwa kuchoka.

Asubuhi Dada Mkuu alimfuata wodini na simu mkononi. Uso wake haukuwa mzuri.

"Mchumba wako ameandika kwangu, kwa ile namba uliyompa ya dharura. Soma mwenyewe, mimi sisemi kitu."

Nesi akasoma.

"Nimekupigia kwa picha. Mwanaume amepokea. Akaniona, akakata. Picha ilikuwa safi. Nyuma yake simu nyingi ukutani. Niambie ukweli. Nitavumilia."

 Akilini alimwona Seremala katikati ya maranda yake, ameishika simu mbele ya uso wa mwanaume mwingine. Ile "nitavumilia" ilimchoma kuliko tusi. Akasoma tena, taratibu, na safari hii akaishia njiani. Picha ilikuwa safi.

Akaanza kucheka. Dada Mkuu akamshika paji la uso kupima homa.

"Dada," Nesi alisema, "simu iliyokufa inapokelewaje?"

Dada Mkuu akatazama ujumbe, akamtazama yeye. Akavua koti lake jeupe, akamwita mwingine ashike zamu. "Twende," alisema. "Mimi hili silikosi."

Njiani Nesi alimwandikia Seremala kwamba ukweli anao, ila anataka auone kwa macho yake. Akiona neno "piga", apige tena namba ile ile.

Duka lilikuwa na wateja, kama ilivyo siku za soko. Chaji aliwapokea kwa bashasha, akadhani jibu lake limeletwa na shahidi.

"Simu yangu imerudi kutoka kwa fundi?" Nesi aliuliza.

"Haijarudi. Nilikwambia, ile ni maiti. Hata spea hazifai."

"Na laini yangu?"

"Iliungua. Usajili nyingine."

Nesi akabonyeza neno moja kwenye simu ya Dada Mkuu. Walisubiri. Chaji alianza kumhudumia mama mmoja aliyetaka kava. Halafu ndani ya droo, chini ya kaunta, simu ikaanza kuita.

Chaji hakuinua kichwa. Simu ikaendelea. Mama wa kava akasema kwa upole kwamba simu inaita. Mwingine nyuma akasema, pokea basi, huenda ni la muhimu.

"Pokea," Nesi alisema. "Anayepiga hasikii, lakini anaona."

Chaji hakusogea. Dada Mkuu alizunguka kaunta kama mtu aliye kwake, akavuta droo, akaitoa simu ya bluu, nzima, haina hata mkwaruzo. Akamkabidhi Nesi.

Kumbe ugonjwa wake ulikuwa mpangilio mmoja tu wa intaneti, ambao Chaji aliurekebisha jioni ile ile ya kwanza. Hilo alilikiri mwenyewe mbele ya watu, kwa sauti ya chini. Akasema simu ya Seremala aliipokea kwa bahati mbaya, akidhani anaizima.

"Nilifanya kwa sababu nakupenda," alisema.

"Anayenipenda asingeninyamazisha," Nesi alimjibu. "Ulijua naongea na nani kwa hiyo simu. Ulijua siwezi kuongea naye kwa njia nyingine."

Hakungoja jibu. Mikono miwili inahitaji nafasi, kwa hiyo aliiegemeza simu, iliyokuwa inaita tena, kwenye rundo la maboksi ya chaja, akapokea. Seremala akatokea mzima, mpaka vumbi la mbao kwenye nyusi zake likaonekana. Macho yalikuwa mekundu. Hakusalimu.

"Huyo ni nani?" mikono yake iliuliza.

"Mwizi."

"Mwizi wa simu au mwizi wa mchumba?"

"Alitaka vyote. Vyote vimemshinda."

Seremala alipangusa macho. Kisha mabega yakashuka, akaanza kumwiga Chaji alivyoshtuka alipopokea ile simu, macho yamemtoka, mdomo kama wa samaki. Wateja, ambao hawakujua neno hata moja la mikono, walielewa wote kwa pamoja. Duka zima likacheka. Nesi alicheka mpaka akashika kaunta, na alipopangusa machozi akakuta Seremala ameacha mzaha.

"Wiki hii nakwenda kwa Mama yako," alisema kwa mikono. "Nimechoka kukupenda nikiwa mbali."

Dada Mkuu alimwuliza anasemaje. Nesi akamwambia, na mama wa kava, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, akapiga vigelegele.

Mama alipoelezwa alisema kwa uchungu kwamba huyo Chaji yeye mwenyewe alimpakata akiwa mtoto mchanga. Aliwapigia wazazi wa Chaji yeye mwenyewe, akaikataa posa. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubembelezwa, akamwomba Nesi amwunganishe kwa picha na huyo fundi, kwa hiyo simu yao.

Siku ya kwanza Mama alizungumza kwa kupaza sauti, kana kwamba Seremala yuko ng'ambo ya mto. Siku ya pili alipunguza, na wiki haijaisha Seremala akafika kwake kama alivyoahidi. Baada ya hapo akawa anampigia kwa picha bila kupitia kwa Nesi, anaonyeshwa mbao, anachagua vitasa, na anasimulia umbea wa mtaa kwa vidole vyake vizito, akikosea nusu. Nesi aliporudi likizo alikuta Mama naye ana swali: ile ya bluu, wanazo nyingine huko ng'ambo?

Wakaoana kabla ya mwaka kwisha, Nesi akiwa amepata uhamisho wa kurudi. Ukumbi ulijaa mafundi, manesi, na marafiki viziwi wa bwana harusi. Alipoulizwa kama amemkubali, Seremala alijibu kwa mikono, kirefu, na Nesi akaona haya mbele ya watu, akakataa kutafsiri yote.

Ukumbi ukabaki kimya. Waliosikia hawakujua kama wapige makofi, maana bwana harusi asingeyasikia. Ndipo Mama akasimama kwenye safu ya mbele, na nguo yake mpya, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaitikisa vidole wazi, vile viziwi wanavyoshangilia. Mstari wake ukamfuata, kisha ukumbi mzima, mikono mamia juu. Seremala akageuka akaiona, na yeye aliyezoea kuchekesha watu akajifunika uso, akalia kwa furaha.