Upande wa Pili wa Kanda

"Itoe sauti yangu humo ndani! Itoe sasa hivi!"

Fundi wa sauti alikuwa amesimama katikati ya chumba, hedifoni mkononi, macho yamemwiva. Koridoni wacheza ngoma walikuwa wanapasha miili moto, njuga zinalia miguuni. Chumba cha jirani wachoraji walikuwa wanagombea ngazi. Tamasha lilikuwa linafunguliwa alasiri hiyo: washairi, wachoraji, watengeneza filamu, wanamuziki, wote wa asili ya Asia Kusini, watu ambao mababu zao walivuka maji wakatawanyika dunia nzima. Yeye kazi yake ilikuwa kukagua vyombo tu. Hakuna aliyemwambia kwamba chumba cha mwisho ni cha Chiriku.

Chiriku ni jina ambalo Fundi mwenyewe alimpa mpenzi wake, enzi zile, kwa sababu binti hakuwa na breki mdomoni. Akaenda ng'ambo kusomea sanaa, na breki zikashika huko huko. Fundi alimtumia ujumbe wa sauti mpaka koo likamkauka. Tiki za bluu zilikuja, jibu halikuja. Na sasa kavaa hedifoni ya maonyesho, anajisikia mwenyewe akilia!

"Nilitaka nikwambie kabla hujaivaa," Chiriku alisema.

"Uniambie nini? Kwamba umeninging'iniza ukutani, watu waje wanisikilize halafu wakanywe soda?"

"Hauko peke yako. Humu yumo bibi yangu, yumo dada yake..."

"Hao ni ndugu zako. Mimi nani aliniomba?"

Kosa lilikuwa lake, na Chiriku alilijua.

"Nimekukosea," alisema taratibu. "Sauti ni yako, Fundi. Waya mkubwa ule pale. Ukiuchomoa, nitasimama mlangoni niwaambie watu sina kazi ya kuonyesha."

Chiriku alidhani Fundi atamwonea huruma. Fundi akauendea waya moja kwa moja, akaushika.

"Jamani, mbona mnafokeana hivyo? Mnasikika mpaka getini!"

Alikuwa mama yake Chiriku, kajitanda vizuri, mkoba kwapani. Alimtazama Fundi juu mpaka chini.

"Eh! Huyu si ndiye aliyekuwa anatutengenezea redio kaseti ya bibi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Hebu nivalishe hicho kidude, nimsikie mama yangu."

Ungemfanyaje mtu mzima? Fundi aliuacha waya, akamvalisha. Mama alifumba macho, akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Mbona anaongea mama mkubwa peke yake? Mama yangu hamjibu. Sikio la kulia limekufa."

Fundi alivaa nyingine, kisha nyingine tena. Zote kushoto zinasema, kulia zimekufa.

"Haiwezekani iwe hivyo," mama aliendelea. "Kwetu hatukuandikiana barua, tulitumiana kanda. Mama mkubwa alirekodi upande mmoja akaituma. Mama akaigeuza, akajibu upande wa pili, akairudisha. Hilo sikio la kulia, baba, ndilo la majibu."

"Majibu?"

Fundi aligeuka. Chiriku alikuwa anatazama viatu vyake.

Kuna mafundi wanaoweza kukiacha chombo kibovu wakaenda zao. Huyu hakuwa mmoja wao, hata kwa hasira. Alipiga goti, akafungua kisanduku nyuma ya ukuta, akaukuta waya umekatika. Akauchomelea. Kisha akairudia hedifoni yake.

Kushoto alijisikia akisema: "Chiriku, leo nimepita kwenu. Redio ya bibi imeharibika tena. Nadhani anaiharibu makusudi. Uko wapi wewe?"

Kulia ikaja sauti ya binti, inakwaruza: "Nipo, Fundi. Nipo jikoni, natazama ukuta. Bibi anaiharibu makusudi, ni kweli. Mimi ndiye niliyemwomba, ili uende, halafu aniambie ulikuwa umevaa nini."

Fundi aliketi sakafuni.

"Umenisahau?" iliuliza sauti yake.

"Ningekusahau ningelala. Hapa usingizi wenyewe siujui."

Aliivua hedifoni.

"Ulinijibu."

"Kila ujumbe. Niliuhamishia kwenye kanda, nikajibu upande wa pili, kama bibi."

"Mbona hukutuma?"

"Sikiliza kanda za bibi, Fundi. Zote zinaishia na maneno yale yale: 'Dada yangu, narudi mwakani.' Alisema hivyo mpaka dada yake akazikwa. Hakurudi hata siku moja. Na mimi kila nikimaliza kukujibu, mdomo ulitaka kusema narudi mwakani. Sikujua kama ni kweli. Nikaona bora ninyamaze kuliko nikufunge kwa maneno."

"Bora kwa nani? Ungenidanganya tu, Chiriku! Mwenzio nililala na simu kifuani kama mgonjwa!"

Mama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mama yangu alikuwa mwongo, Mungu amrehemu," alisema. "Lakini mama mkubwa alizingoja kanda zile kuliko chakula. Wewe mwanangu ulimnyima mwenzio hata huo uongo."

Chiriku aliinamisha kichwa. Fundi alivaa tena, akasogeza mpaka ujumbe wa mwisho. Kushoto: "Sikusumbui tena baada ya leo. Niambie neno moja tu. Nisubiri, au niende zangu?"

Kulia palikuwa na mvumo mtupu wa kanda.

"Hapa waya ni mzima. Mbona hamna kitu?"

"Hapo nilishindwa."

Redio kaseti ya bibi ilikuwa mezani, sehemu ya maonyesho. Fundi alitia kanda ya ujumbe ule, akabonyeza kitufe chekundu.

"Jaza."

"Mbele ya mama?"

"Mimi leo sisikii vizuri," mama alisema, akakiburuta kiti karibu.

Chiriku aliinama juu ya redio.

"Fundi, usiende. Sisemi narudi mwakani. Nimesharudi. Nguo zangu ziko chumba cha bibi, mama analalamika nimemjazia kabati. Tiketi nilikata ya kuja tu." Akamgeukia. "Na wewe? Ulienda zako?"

Kanda ilikuwa bado inazunguka.

"Nilijaribu," Fundi alisema. "Sikufika mbali."

Njuga za koridoni zilikuwa zimenyamaza. Watu walisikika getini. Simu ya Fundi ikalia, ujumbe wa msimamizi wa tamasha: "Chumba cha mwisho kiko tayari?"

"Nimjibu nini?" Fundi aliuliza.

"Sauti ni yako. Sasa nakuomba, kama nilivyopaswa kukuomba mwanzo."

Aliandika: "Kiko tayari. Masikio yote mawili." Akatuma, akaanza kukusanya bisibisi zake, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Hii redio," alisema bila kumtazama, "nimeichungulia. Ni nzima kabisa. Haitaharibika leo wala kesho."

Chiriku alinyoosha kidole, akakisukuma kitufe cha sauti mpaka kikang'oka, akakiweka kwenye kiganja cha Fundi.

"Imeharibika," alisema. "Njoo nyumbani kesho uitengeneze."