Ludi Kesho

Habari hii niliipata kwa Nelima, jirani yangu hapa Kiminini, ambaye hupiga deki katika kliniki moja mjini Kitale. Alinisimulia tukichambua maharagwe mlangoni pake, mtoto wangu akiwa mgongoni mwangu na joto jingi.

Ilianza na benchi. Kila asubuhi Nelima alipofungua kliniki, alikuta mwisho wa benchi, pale karibu na chumba cha Daktari Wabwile, pamelowa kana kwamba mtu aliyenyeshewa alikaa hapo. Paa halikuvuja. Alipanguza, pakalowa tena. Na palinuka mahindi yaliyopigwa na mvua, yale ambayo yameanza kushika ukungu.

"Ni paka," alisema mlinzi, mzee Kibe.

"Paka gani huyo anakojoa mahindi?"

Wakacheka. Lakini Nelima alipoinama tena na kitambaa, akakumbuka ni nani alikuwa akinuka hivyo, akaacha kucheka.

Kliniki ile ni ya kufundishia. Wanaosoma pale ni madaktari tayari, ila wamerudi shule kusomea udaktari wa familia. Mwalimu wao ni Daktari Chelimo, mama mkali asiyepandisha sauti. Kila mwanafunzi hukabidhiwa nyumba chache mtaani, azitembelee, ajue nani anaumwa, nani anapikia kwenye moshi, nani hana usingizi. Wabwile, kijana wa Bumula, alipewa nyumba za Kipsongo. Katika mojawapo aliishi Jerono na mama yake. Jerono alikuwa akipukuchua mahindi ya watu kwa kibarua, na alikuwa na mimba kubwa. Wabwile aliketi kwenye kiti chao cha pekee, akanywa chai yao, akasema, "Sasa mimi ndio daktari wenu. Shida yoyote, mnakuja kwangu."

Walimpenda. Walipenda hata ulimi wake, maana r na l zilimchanganya kama watu wengi wa kwao, na wenzake kliniki walimtania kila siku.

Basi Jerono akapata shida, akaja kwake. Ilikuwa jioni ya mvua. Wabwile alikuwa amevua koti jeupe, anataka kuwahi mpira kwenye televisheni. Nelima alikuwa koridoni na ndoo yake, akasikia yote.

"Daktari, kichwa inaniuma vibaya. Naona nyota nyota."

"Ni uchovu tu, mama. Ludi kesho asubuhi. Tutaanza na wewe."

"Si unipime tu? Hata miguu imefura."

"Nimesema ludi kesho, bana."

Kipimo cha presha kilikuwa mezani. Hakukigusa. Jerono alijifunika gunia kichwani, akatoka kwenye mvua. Kabla hakujapambazuka alishikwa na degedege, akafa, na mtoto akafia tumboni.

Katika kikao cha asubuhi Daktari Chelimo aliuliza, "Wabwile, huyu si wa nyumba zako? Alikuja hapa?"

Wabwile akaangalia viatu vyake. "Hapana, Daktari. Hakufika."

Baadaye Nelima alimfuata. "Daktari, si alikuja?"

"Mama, piga deki. Ama unataka nikutafutie kazi ingine?"

Baada ya maziko ndipo benchi lilipoanza kulowa.

Halafu zikaja sauti. Hazikungoja giza. Ilikuwa mchana, wagonjwa wamejaa, jua linawaka nje, na malapa yaliyolowa yakasikika, chwap, chwap, kutoka mwisho wa benchi mpaka mlango wa Wabwile, kisha kimya. Wagonjwa wakaanza kubanana upande mmoja bila kuambiana kwa nini. Na kila asubuhi Wabwile alipoita, "Wa kwanza aingie," mlango ulifunguka wenyewe taratibu, pazia likafura kama tumbo, kiti cha mgonjwa kikalia chini ya uzito wa mtu asiyeonekana, na ile harufu ya mahindi ikajaa chumbani hata Wabwile akatoka mbio ameziba pua, huku mikunjo ya shati lake ikidondosha maji kama amekumbatiwa na mtu aliyetoka mvuani.

Aliita mchungaji kwa siri. Mchungaji akaomba, akapaka mafuta kwenye mlango na benchi. Alipofika "Amina", maji yakadondoka sakafuni mbele ya viatu vyake.

"Huyu hasikii maombi, kijana wangu," mchungaji alinong'ona akifunga Biblia. "Kuna kitu anakudai kwa mdomo wako. Ulisema nini?"

Wabwile akamwambia.

"Basi kaseme mbele ya wenzako. Leo."

"Nitasema kesho, mchungaji. Leo siko tayari."

Mchungaji alipoondoka, Wabwile alijifungia. Nelima alikuwa nje ya mlango na ndoo yake.

"Jerono," Wabwile alilia kwa sauti ya chini, "nihurumie. Mke wangu pia ana mimba, unajua. Kesho nitawaambia wote. Naapa."

Maji yakadondoka. Kisha sauti ikajibu, na Nelima aliijua, sauti ya Jerono mwenyewe, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuchanganya r na l:

"Sawa, Daktari. Ludi kesho. Tutaanza na wewe."

Asubuhi Wabwile alisimama katika kikao kabla hajaitwa. Midomo ilikuwa imemkauka. Akavuta pumzi, akasema, "Ludi kesho."

Wenzake wakaangua kicheko. Akatikisa kichwa, akajaribu tena. "Ludi kesho." Akapiga meza. "Ludi kesho! Ludi kesho!" Vicheko vikafa kimoja kimoja. Daktari Chelimo alikuwa amesimama.

"Ulimwambia nani hivyo, Wabwile?"

Ndipo simu ya Wabwile ikalia mezani. Ilikuwa Nakhungu, mkewe, kutoka Bumula, na kidole chake kikagusa kitufe cha spika, sauti ikasikika chumba kizima.

"Baba, kichwa inaniuma tangu nilipoamka. Naona kama nyota. Niende hospitali Bungoma, ama ningoje?"

Wabwile aliishika simu kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akaufungua mdomo wote kumwambia nenda, nenda sasa hivi, beba chochote uende, na wote waliokuwa pale waliona jinsi alivyopigana na ulimi wake kama mtu anayepigana na nyoka, lakini neno lililotoka lilitoka laini, la mtu mwenye haraka ya kwenda kuangalia mpira:

"Ludi kesho, mama."

"Ati nirudi kulala mpaka kesho? Haya. Wewe ndio daktari."

Daktari Chelimo aliruka kuichukua simu. Ilikuwa imejaa maji, kioo kimezima. Alitafuta namba ya Nakhungu kwa wenzake, akapiga kwa simu yake, haikushikwa. Akaingia kwenye gari na kushika barabara ya Bumula. Alimkuta Nakhungu kitandani, akitupwa na degedege. Hospitali ya Bungoma wakamwokoa. Mtoto hakuokoka.

Nakhungu alirudi kwa wazazi wake, na hakuna aliyemlaumu. Wabwile yuko Bumula kwa baba yake. Ukimwambia "Sasa?" anakujibu yale maneno mawili. Ukimpa chakula, hayo hayo. Benchi walilichoma, wakanunua la chuma.

"Na la chuma?" nikauliza.

Nelima akazidi kuchambua maharagwe. "Nalipanguza kila siku." Kisha akanyoosha mkono, akamgusa mtoto wangu shingoni. "Mama, huyu anachemka. Unampeleka lini?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema kesho. Nikaufunga. Lakini giza lilikuwa limeshaingia na magari yameisha, kwa hiyo nilikesha nikimpangusa mtoto kwa kitambaa chenye maji.

Asubuhi iliyofuata nilimbeba mpaka kliniki ile ile. Foleni ilifika nje. Daktari mmoja kijana alichungulia mlangoni, akatuangalia sisi wa nyuma, akasema, "Leo tumejaa, mama. Rudi kesho."

Mimi si mtu wa kubishana. Siku nyingine ningefunga leso vizuri nikaenda. Nilipita mbele ya watu wote wakinitazama, nikakaa mwisho wa benchi la chuma, nikampakata mtoto. Leso ikaanza kulowa upande mmoja. Nikasikia harufu ya mahindi.

Sikugeuza kichwa. Nilisogea kidogo, nikampa nafasi.