Wageni Wameondoka?

Harufu ya nyasi mbichi ilianza sebuleni siku ya arobaini baada ya msiba. Nyasi zenyewe hazikuwepo. Nyumba ile ya Buzuruga, mjini Mwanza, ilikuwa marumaru tupu kuanzia mlangoni hadi jikoni, na hata uani walikuwa wamemwaga zege. Hellen alipiga deki mara mbili, akapuliza manukato, akafungua madirisha yote. Harufu ikazidi.

"Labda ni haya mapazia mapya," alimwambia mumewe, Rwekaza.

Rwekaza harufu ile aliijua tangu utotoni Bukoba. Mama yake, Kokushubira, alikuwa akitandaza nyasi mbichi ndani kila wageni walipotarajiwa.

Baada ya kufiwa na mumewe, Kokushubira alikuja Mwanza kuishi kwa mwanawe. Alikuja na kigoda, mkeka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwake yeye, mgeni aliyeingia asipewe kahawa alikuwa ametukanwa. Miaka mitatu alikaa karibu na mlango wa sebule, akimpa kila aliyeingia punje mbili. Kisha Hellen akaanza kutazama nyumba za watu kwenye simu. Wakaweka dari la jipsam lenye taa za kujificha, karatasi za ukutani zenye maua ya dhahabu, na sofa nyeupe. Sebule ilipendeza, tuseme ukweli. Kilichobaki kuharibu mandhari ni bibi kizee na kigoda chake.

Kigoda na mkeka vikatiwa kwenye gunia, vikawekwa nje ya geti vichukuliwe na gari la taka. Na Jumapili ya kuwaonyesha wenzao wa kazini ile sebule, ni Rwekaza mwenyewe aliyesema, tena kwa upole, "Mama, kaa kwanza chumbani. Wageni wakiondoka nitakuita."

"Sawa, mwanangu."

Wageni walikula, wakapiga picha, wakaondoka saa kumi. Rwekaza akawasindikiza hadi stendi, akapitia kwa rafiki yake, akasahau. Jioni Hellen alipopeleka chakula alimkuta mama mkwe amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kanisani, kikapu mapajani, uso kauelekeza mlangoni. Alikuwa ameshakufa. Walimzika Bukoba pamoja na kikapu chake, na tangu siku hiyo Rwekaza alikuwa akijiuliza jambo moja tu, alimsubiri kwa muda gani.

Baada ya harufu zikaja sauti. Jumamosi moja mchana, jua likiwaka, rafiki yake Hellen aitwaye Dorcas alikuwa ameketi kwenye sofa akinywa juisi. Kutoka chumba cha nyuma, kile cha mama mkwe, kilichokuwa kimefungwa kwa ufunguo, wakasikia mtu akitafuna kitu kikavu, polepole, kwa meno machache. Kitanda kikalia, nyayo pekupeku zikajiburuza sakafuni, kitasa kikashuka taratibu, kikapanda, kikashuka tena, na harufu ya nyasi ikajaa sebule nzima hadi Dorcas akaziba pua kwa kanga, na ndipo sauti nyembamba, yenye adabu zake, ikauliza nyuma ya mlango:

"Rwekaza, wageni wameondoka?"

Dorcas alikimbia akaacha viatu.

"Ni jini," Hellen alimnong'oneza Rwekaza. "Limechukua sauti ya mama. Litolewe leo, la sivyo narudi kwetu."

Wakamleta Mzee Masele, mganga wa Mkuyuni.

"Shikamoo, mzee," Rwekaza alimwamkia.

"Marahaba."

Mzee alisimama mbele ya kile chumba muda mrefu bila kufungua mkoba wake.

"Jini ningelitoa," alisema chinichini. "Huyu si jini. Jini halisubiri ruhusa. Nani alimwambia akae humu?"

Rwekaza akainamisha kichwa. "Ni mimi."

"Basi mwite."

"Naogopa, mzee."

"Ogopa, lakini mwite."

Rwekaza akazungusha ufunguo. "Mama," alisema, "wageni wameondoka. Njoo sebuleni."

Mlango ukajifungua, ubaridi ukampita begani, na juu ya marumaru zikaanza kutokea alama za unyevu za miguu midogo, moja baada ya nyingine, zikapita mbele ya Hellen aliyejibana ukutani, zikapita kando ya sofa, zikafika karibu na mlango pale kigoda kilipokuwa, zikasimama, zikazunguka, zikasimama tena, kwa maana hapakuwa na pa kukaa.

"Kaa kwenye sofa, Mama," Rwekaza alilia. "Kaa popote. Nisamehe."

Sauti ikajibu, bila hasira hata kidogo:

"Pamependeza, mwanangu. Nisije nikapachafua."

Alama zikaelekea nje. Rwekaza akazifuata mbio, akaita, akaita tena. Geti lilikuwa wazi na barabara haina mtu. Pale walipokuwa wameliweka lile gunia, kile kikapu walichokizika Bukoba kilikuwa chini, kina udongo. Ndani yake mlikuwa na punje mbili za kahawa, zile anazopewa mgeni.

"Rwekaza, rudi ndani!" Hellen aliita kwa furaha. "Harufu imeisha!"

Rwekaza alikaa chini vumbini, akatia punje zote mbili mdomoni, akatafuna huku akilia.