Usimwage Maji ya Moto

Jua lilikuwa linazama nilipobeba beseni kwenda kisimani, nyuma ya nyumba yetu, kufua shati la mume wangu. Umeme wa mtaa wetu hapa Likasi ulikuwa umekatika tangu mchana. Mvua ilikuwa imepita, na udongo mwekundu ulinata kwenye kandambili zangu.

Lilikuwa shati la buluu. Nililishona mwenyewe, maana kazi yangu ni cherehani. Bega lote la kushoto lilikuwa damu.

Mume wangu, Tshimanga, alikuwa amelala ndani. Mchana ule jiwe lilimpasua kichwa kwenye shimo wanakochimba madini, nje ya mji. Dodo, mwenzake wa kazi, alimleta kwa pikipiki kutoka kwa muuguzi, kichwa kimeshonwa na kufungwa bandeji. Kabla ya kuondoka alinivuta kando ya geti.

"Mama Clotilde, hii shati usiifule. Rudisha ku shimo."

"Juu ya nini?"

Aliangalia chini. "Damu yenye inatokaka mule, shimo iko inaiomba. Unamukumbuka Philippe? Alijikataka tu ku mukono. Kidonda kidogo. Alimalizikia damu yote juu ya kitanda."

"Damu ya bwana yangu ni ya bwana yangu, Dodo. Shimo itafute ya kwake."

"Minye nilikuambia," alisema, akawasha pikipiki. Nilifunga geti kwa mnyororo nyuma yake.

Damu naijua. Mwanamke gani haijui? Mama yangu alinifundisha nikiwa binti mdogo: maji ya baridi tu. Ya moto yanaipika damu, inashika kwenye uzi, na hapo ufikiche mpaka vidole vichubuke, haitoki tena. Unageuza nguo ndani nje. Unamwaga maji baridi kutoka nyuma ya doa, ili damu irudi ilikoingilia. Halafu chumvi. Halafu sabuni, taratibu, bila hasira.

Nikafanya hivyo. Maji yakawa mekundu, nikayamwaga. Nikachota mengine. Yakawa ya waridi. Nikaongeza chumvi, nikafikicha, nikasuuza, nikalinyanyua shati kwenye mwanga uliobaki.

Safi.

Kisha... likadondosha.

Tone moja kwenye kidole changu cha mguu. Halikuwa la baridi. Lilikuwa na joto, kama limetoka mwilini sasa hivi. Niligeuza shati. Doa lilikuwa limerudi, bichi, kubwa kuliko mwanzo. Na harufu... si ya damu peke yake. Harufu ya udongo wa chini kabisa, ambao haujawahi kuona jua.

Ndani, Tshimanga aliguna.

Nikalitupa shati kwenye beseni, nikakimbia. Bandeji ilikuwa imelowa nyekundu. Nyuzi za muuguzi zilikuwa mahali pake, hakuna hata moja iliyokatika, lakini damu ilipita katikati yake polepole. Nilimfunga kitambaa kingine. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Niko nasikia baridi," alinong'ona.

"Vumilia. Narudi sasa hivi."

Nilipotoka, mtu alikuwa ameinama juu ya beseni langu.

Alikuwa Mama Colette, jirani yangu wa nyuma, yule anayeuza makaa. Kitenge chake kilekile cha manjano. Mkononi alikuwa na birika, na mdomo wa birika ulitoa mvuke.

"Bonsoir, Clotilde," alisema kwa sauti ya chini. "Pole ya bwana yako. Uko unajichokesha bure na hii mayi ya baridi. Nilikuletea ya moto."

"Aksanti, mama. Lakini damu haifuliwake na ya moto."

"Nani alikudanganya? Ya moto njo inatosha damu. Kamata birika."

Nilimwangalia. Mama Colette amelea mabinti wengi kuliko mimi. Angesemaje jambo kama hilo?

"Mwaga tu, mwanangu. Mara moja tu. Atalala vizuri."

Macho yangu yakashuka kwenye miguu yake. Alikuwa peku. Mpaka magotini alikuwa na matope ya kijani, mabichi, yenye kung'aa. Matope ya namna hiyo hayako mtaani kwetu. Yako mashimoni, kule chini.

Na geti... geti bado lilikuwa na mnyororo.

Hapo nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. Sauti ya Mama Colette.

"Clotilde! Uko unasema na nani?"

Niligeuza kichwa kuelekea ukutani.

Yule aliye mbele yangu alitabasamu. "Banamuke bengi banakubalaka," alinong'ona. "Bibi ya Philippe aliniambiaka aksanti."

Akashika mkono mmoja wa shati lililokuwa kwenye beseni, nami nikaukamata mwingine.

Akavuta.

Ndani ya nyumba, Tshimanga alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Damu ilibubujika kwenye shati, ikapita katikati ya vidole vyangu. Mkono wa kiumbe yule uligusa wangu, ukachoma kama pasi. Niliogopa, ndiyo. Lakini hasira ilipanda ikaipita hofu.

"Acha!" nilisema. "Hii shati minye njo niliishona! Bwana ni wangu! Rudia mu shimo yako!"

"Utachoka," alisema.

"Sichoke."

Nilishika ndoo ya maji ya kisima kwa mkono wangu mwingine, nikayamwaga yote juu yetu sote wawili.

Mvuke ulipanda kama moto umezimwa. Harufu ya damu iliyoungua ilinijaa puani. Ulipotawanyika, nilikuwa peke yangu, nimelowa, na shati kifuani. Hakukuwa na birika. Hakukuwa na mtu.

Mtu akagonga geti. "Clotilde! Fungua!"

Kabla ya kufungua nilichungulia chini ya geti. Niliangalia miguu yake kwanza. Mikavu, na kandambili zilizokatika kamba. Nikafungua. Mama Colette aliniangalia, akaliangalia shati, hakuuliza mengi. Alikunja kitenge, akachota maji.

Tulifua pamoja. Yeye akimwaga, mimi nikifikicha, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ya kugombeza. Damu ilirudi. Tukafua. Ikarudi tena, kidogo zaidi. Tukafua, mpaka maji yakabaki meupe kwenye beseni.

Kutoka ndani, mume wangu aliita: "Clotilde... bukari iko?"

Mtu anayeomba ugali hafi. Nilicheka mpaka nikalia.

Kesho yake nilikwenda kwa Carmen, mjane wa Philippe. Niliuliza swali moja tu: alizifua nguo za mumewe kwa maji gani?

"Ya moto," alisema. "Dada yangu alinileteaka. Na birika." Akafuta uso. "Kisha dada yangu alikatala. Alisema ile siku alikuwaka mbali, Kakontwe."

Kwa hiyo nikaanza kuzunguka. Kila niliposikia mchimbaji wa shimo lile ametokwa na damu, nilichukua ndoo yangu na chumvi.

Jioni moja Dodo alikuja mbio. Eddy, kijana wanayechimba naye, amekatwa na chuma mguuni. Niliijua nyumba yao. Nikabisha. Mkewe, Hadassa, alifungua mlango nusu. Uso wake ukabadilika.

"Mama Clotilde?"

"Njo minye. Nguo ya Eddy iko wapi?"

Aligeuka taratibu, akaangalia nyuma yake, upande wa jikoni.

"Lakini..." alinong'ona. "Weye uko mule. Uko unachemusha mayi."

Akajaribu kufunga mlango.

Nikausukuma kwa bega. Nilimpita, nikaingia jikoni. Hapakuwa na mtu. Juu ya makaa birika lilichemka, kifuniko kikigongagonga, na sakafuni palikuwa na matope ya kijani. Nililipiga teke likaanguka, nikainyakua suruali ya Eddy, nikaizamisha kwenye ndoo yangu.

Eddy yuko hai. Anachechemea kidogo. Lakini Hadassa akiniona barabarani huvuka upande wa pili.

Sasa mtaani wananiita mulozi, yaani mchawi. Waite. Ndoo yangu haikai tupu, na nitakwenda popote nitakaposikia. Ila kila nikibisha, mwenye nyumba hunitazama usoni, kisha hugeuka kutazama ndani, hajui kama ndiyo nafika au nimeshaingia.