Mahali ya Ruthu

"Andika, mwanangu," alisema Mzee Zablon. "Kwa ndugu yangu Batholomeo, Kizota. Sisi wazima. Mahali ya Luthu imepatikana."

Kalamu ya Kefa ikasimama.

"Mahari ya Ruthu, mzee?"

"Ndiyo. Mbona umenyamaza? Andika, imepatikana Mvumi. Watu wakubwa wamekubali. Wanamtaka kabla ya mwezi wa saba kwisha. Njoo tumpeleke pamoja."

Kefa akaandika. Mkono ulibaki mezani, moyo ulikwisha toka nje.

"Na Luthu asisikie," mzee akaongeza. "Mwaka jana ilivunjika, alilia mpaka nikaogopa. Baba yake mdogo akifika, nitamwambia mwenyewe."

Hapo ni kwenye kituo cha Mama Shamila, kijiji kimoja cha njia ya Mvumi, mwaka wa tisini na tatu. Mama Shamila alikuwa Mhindi wa Dodoma mjini, mjane wa mwenye duka la vitambaa. Mumewe alipofariki aligeuza ghala lao la karanga kuwa kituo. Asubuhi watoto walikunywa uji na kufundishwa kusoma. Mchana walikuja wazee, wengi wao macho yameliwa na ugonjwa, wakasafishwa macho na kuandikiwa barua. Sheria ya mama ilikuwa moja: barua ya mzee ni ya mzee. Ukiiandika, umeisahau.

Kefa alikuwa kijana wa Makole, mtoto wa karani aliyehamia Dodoma kufuata serikali. Alimaliza kidato cha sita, akakuta serikali hiyo hiyo inapunguza watu. Akaja kujitolea kwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wake wa nane pale, na kijiji kizima kilijua kilichomshika: Ruthu, binti wa Mzee Zablon, aliyefundisha watoto.

Jambo moja lilimpa Kefa kiburi. Kigogo hakukijua, ila Kiswahili alikijua mpaka mifupani. Wazee wa pale ndimi zao hazikuwa na "r". Wakisema halaka, yeye aliandika haraka. Wakisema balua, aliandika barua. Kwa kawaida hakuuliza, alinyoosha tu, kimyakimya, kama mtu anayepiga pasi.

"Barua zangu anaweza kusoma hata waziri," aliwahi kujisifu.

"Waziri hana mama huku wa kumwandikia barua," Ruthu akamjibu, na watoto wakacheka.

Siku ile ya barua, jioni, Kefa alimkuta Ruthu anafuta ubao. Siri ya mzee ilikuwa kooni kama mfupa. Hakutaka kuitema, wala hakuweza kuimeza.

"Mwaka jana kuna jambo ulilisubiri, likavunjika?"

Ruthu akageuka. "Nani kakwambia?"

"Lilikuwepo au halikuwepo?"

"Lilikuwepo. Nililitaka sana, Kefa. Nililia wiki nzima."

"Na sasa?"

"Sasa bado nataka. Kwa moyo wangu wote. Kwani wewe utanizuia?"

"Mimi nani nikuzuie?"

"Mbona unasema kama mtu aliyepigwa?"

Kefa akaondoka. Alijiona mjinga wa miezi minane: mwenzake ana mtu, na anakiri bila hata kuinamisha uso. Asubuhi yake kitanda cha Kefa kilikuwa kitupu. Chini ya kisanduku cha chaki Ruthu alikuta karatasi yenye mistari miwili:

*Nimekuja na kalamu, narudi na wino tupu,*
*Moyo hauna salamu, umevuja kama kapu.*

Ruthu aliisoma mara tatu. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea na somo. Watoto walisema siku ile mwalimu aliandika herufi kubwa kuliko kawaida.

Wiki tatu zikapita. Kisha pikapu ikasimama mbele ya kituo, na Batholomeo, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kizota, akashuka amevaa suti ya mitumba. Nyuma yake akina mama wa kwaya waliteremka wakiimba, na mbuzi mmoja akiwa na utepe shingoni.

"Mbukwenyi!" alisalimia kwa furaha. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Halusi ya nani?" akauliza Mzee Zablon kutoka kwenye benchi.

"Ya Ruthu. Si umeniandikia?"

Mama Shamila aliomba barua. Akaisoma kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye neno lile, akasema limeandikwa kwa "r", ile ya kuolea, mzee alisimama.

"Sikusema hivyo. Nilisema mahali. Mahali ya kusoma. Chuo cha uuguzi cha Mvumi wamemkubali."

Kwaya ikanyamaza. Mbuzi peke yake aliendelea kulia.

Ruthu alikuwa mlangoni na chaki mkononi. Chuo alichokikosa mwaka jana sasa kilikuwa kimemkubali, na zilibaki siku mbili za kuripoti. Hana sanduku, hana sare, na baba mdogo aliyetegemewa kuvileta ameleta mbuzi. Lakini kilichomfanya akae chini ni kingine. Aliitoa ile karatasi mfukoni, na mara hii aliielewa yote. Akachana ukurasa wa daftari, akampa dereva wa pikapu aliyekuwa anarudi mjini.

Kefa aliipata barua jioni ile, Makole, kwenye kibaraza cha baba yake, na dereva akamsimulia kilichokosekana: sanduku na sare.

*Kefa. Nilichosema nakitaka kwa moyo wote ni chuo. Iliyonipeleka kwa mume ni herufi yako. Njoo uifute. Luthu.*

Aliangalia jina lile kwa muda. Lilikuwa limeandikwa kama anavyoitwa nyumbani kwao.

Asubuhi, lori la kwanza lilimshusha kituoni na sanduku lake la bati la bweni, jina lake bado limepakwa rangi ubavuni. Ndani mlikuwa na sare aliyoazimwa na dada yake muuguzi. Alipiga goti mbele ya benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba. Nani huyo?"

"Kefa. Nimekuharibia barua. Nilidhani nakusahihisha."

"Mimi naumwa macho, na watu wananihulumia. Wewe uliumwa masikio, nani angejua?"

"Nisamehe, mzee."

"Nimesamehe. Lakini nieleze. Mtu wa kuandika anaandika, anakwenda zake. Wewe neno lile lilikukimbiza mpaka mjini. Kwa nini?"

Kefa alimwona Ruthu amesimama nyuma ya baba yake, hamsaidii.

"Kwa sababu nilitaka niilete mimi."

"Ulete nini? Tamka vizuli, nisije nikakosea na mimi."

"Mahari, mzee."

Mzee Zablon akatikisa kichwa. "Akimaliza kusoma. Kama bado atakutaka."

"Nitamtaka," akasema Ruthu. "Lakini aache kusahihisha watu."

"Nimeacha."

"Na kapu halivuji, Kefa. Linalovuja lilisukwa na mtu mwenye haraka."

Siku ile ile sanduku lilipanda begani mwa Kefa, na wote wawili wakashika njia ya Mvumi.

Ruthu alisoma mpaka akamaliza, na Kefa alibaki kituoni akiandika barua. Siku posa ilipopokelewa, Mzee Zablon alimwita mezani, akacheka kabla hajaanza.

"Andika. Ndugu yangu Batholomeo, mahali ya Luthu imepatikana."

Kefa aliandika kila herufi kama ilivyotoka mdomoni mwa mzee, hakugusa hata moja.

Siku ya kupokea mahari, Batholomeo alishuka garini na nguo za kazi, amebeba sanduku jipya la bati alilolichomelea mwenyewe.

"Haya," alisema akihema. "Safari hii anakwenda kusoma nini?"

Watu walicheka mpaka mzee akafuta machozi. Ruthu alimpokea sanduku.

"Limefika wakati wake, baba mdogo," alisema. "Nahamia kwa Kefa, na nguo zangu zilikuwa hazijapata mahali."